Kikapu cha Mama Yokebedi

Sogeeni, wanangu wa Banalia. Leo anayesimulia si mimi. Ni kikapu.

"Nilisukwa kwa mafunjo, huko Misri," kinasema kikapu. "Mama Yokebedi akanipaka lami, maji yasiingie. Nikadhani nitabeba samaki. Kumbe nikawekewa mtoto, tukapelekwa mtoni!"

"Mjomba, kwa nini mtoto awekwe mtoni?"

Umeuliza vizuri. Farao, mfalme wa Misri, aliwaogopa Waebrania, watu wa Yokebedi, kwa kuwa walizidi kuwa wengi. Akaamuru kila mtoto wao wa kiume atupwe mtoni. Mama akamficha wake miezi mitatu. Lakini mtoto hukua, na kilio chake hukua. Kilio utakificha wapi?

"Nikawekwa ukingoni, kwenye matete," kinasema kikapu. "Dada yake, Miriamu, akasimama mbali akitazama. Miguu yake imejaa tope. Mbu wanamuuma, hathubutu kujipiga kofi, asije akasikika. Nami nikajikaza. Tone lisipite! Tone lisipite!"

"Mjomba, kikapu kilisema hayo kweli?"

Ah, swali zuri hilo! Mnajua nyumba zetu zinavyojengwa. Kwanza nguzo husimamishwa, zikafungwa fito. Kisha hukandikwa udongo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 1 na ya 2, ndicho nguzo zangu. Sizing'oi, wala sizisogezi. Mbu, tope na mdomo wa kikapu ni udongo wangu. Msimulizi akianza kung'oa nguzo, msimsikilize.

"Na mto huo ni Aruwimi yetu?"

Hapana, ni Nile. Lakini Nile si mgeni kabisa kwetu. Aruwimi huanzia mashariki ikiitwa Ituri, kwenye nchi ya juu, magharibi ya Ziwa Albert. Mvua ikinyesha huko, maji ya upande mmoja huteremkia ziwani, yakaingia Nile, yakaelekea Misri. Maji ya upande wa pili huja kwetu Banalia, yakapita hadi Basoko, yakaingia Mto Kongo. Wingu moja, mito miwili! Nikitaka kumwona Miriamu, mimi hushuka mtoni nikatazama majani ya ukingoni. Nanyi jaribuni.

"Binti Farao akaja kuoga," kikapu kinaendelea. "Akanifungua. Mtoto akalia, binti akamhurumia. Hapo Miriamu akajitokeza. Magoti yanamtetemeka, lakini anauliza: nikuitie mwanamke wa Kiebrania akunyonyeshee mtoto huyu? Fikirini, wanangu! Mtoto wa watumwa anasema na binti wa mfalme. Akaambiwa, nenda. Akakimbia kumwita nani?"

"Mama yake!"

Mama yake mwenyewe! Naye mtoto ndiye Musa.

Haya, sasa mnijibu. Magoti kutetemeka?

"Udongo!"

Safi kabisa. Lami?

"Nguzo!"

Nguzo. Jina la Miriamu? Hapo angalieni sana. Sura ya 2 inasema tu dada yake. Jina lake na la mama yake tunayapata mbele. Nimeyachukua huko nikayaleta hapa, na ni haki yenu kujua.

Na Binti Farao kumlipa yule mama mshahara, amnyonyeshe mwanawe mwenyewe?

"Udongo, mjomba! Hilo umelibuni!"

La, wanangu. Hiyo ni nguzo. Imeandikwa.