Nati Haijui Cheo: Pikipiki ya Udongoni na Jicho la Asubuhi

Kanombe, upande wa mashariki wa jiji la Kigali, hujulikana na wageni wengi kwa sababu ya uwanja wa ndege. Familia za wanajeshi huijua kwa hospitali ya kijeshi iliyopo hapo. Lakini mwendesha pikipiki huijua Kanombe kwa jambo jingine kabisa: hapo ndipo lami hukutana na udongo mwekundu. Mtu akiiacha barabara kuu na kuingia njia za vilimani, mita mia chache tu zatosha kumwonyesha kwamba chombo alichokalia sasa kimeingia vitani.

Vita hivyo vina maadui wawili. Kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, adui ni vumbi. Ni jembamba kama unga, nalo hupenya kila penye upenyo. Mvua zinyeshapo, zile za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Desemba, adui ni tope, ambalo hushika magurudumu, huziba breki na kula cheni. Pikipiki isiyoandaliwa kwa maadui hao wawili haina maisha marefu, na pengine aliyeipanda naye hana.

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, kazi za umuganda zikiisha yapata saa 5 asubuhi, ndiyo saa nzuri ya wapenda pikipiki kukutana barazani, huyu na spana, yule na kopo la grisi. Mazungumzo ya watu hawa hayaishi. Mmoja atasifu injini ya mipigo miwili kwa wepesi wake, mwingine ataitetea ile ya mipigo minne kwa uchumi wake wa mafuta. Mmoja ataapa kwa tairi la meno makubwa, mwingine atacheka. Hakuna ubaya katika hayo. Ubaya upo pale mazungumzo yanapokuwa ya majivuno matupu, kila mtu akisifu chombo chake na kuficha ubovu wake.

Mfano mmoja watosha, nao waweza kumpata yeyote. Afisa ameegesha pikipiki yake kati ya wenzake. Kijana wa cheo cha chini ameisikia ilipokuwa ikija, naye ametambua kwamba cheni inalia na inagonga kifuniko chake. Anafungua kinywa kusema, kisha anamtazama mwenye pikipiki, anaona haya, ananyamaza. Mwenye pikipiki naye ameisikia sauti ile tangu juma lililopita, lakini hataki kuonekana mbele ya wadogo wake kama mtu asiyejua kutunza chombo. Jioni mvua inanyesha. Afisa anashuka kilima, mkewe yuko nyuma yake. Cheni inaruka, inajisokota katika gia, gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Lililobaki laweza kukisiwa. Heshima iliyowanyamazisha watu wawili imegharimu mifupa, na mifupa hiyo ni ya mtu wa tatu ambaye hakuulizwa neno.

MCHEZO WENYE MAFUNZO

Upo mchezo wa pikipiki ambao wengi hawaujui, uitwao triali. Si mashindano ya kasi. Mshindani hupita juu ya miamba, magogo na vijito kwa mwendo wa kobe, akiwa amesimama juu ya vikanyagio, kwa maana pikipiki yenyewe haina kiti cha kukalia. Akigusa ardhi kwa mguu mara moja hupata alama 1 ya kosa. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, alama 3. Akishindwa kabisa kupita hupata alama 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi.

Mchezo huu ulikua Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Ubingwa wa dunia ulianza rasmi mwaka 1975, na bingwa wa kwanza alikuwa Mwingereza Martin Lampkin, akiendesha Bultaco iliyotengenezwa Hispania. Katika Afrika ya Mashariki mchezo unaopendwa zaidi ni ule wa mbio za udongoni, kama zinazofanyika Jamhuri Park jijini Nairobi na Busiika nchini Uganda. Lakini kwa mtu apandaye na kushuka vilima vya Kigali kila siku, triali ndiyo iliyo na mafunzo ya karibu zaidi.

Funzo la kwanza ni kwamba udongoni nguvu si kitu bila utulivu. Bingwa wa triali hashindani na mlima. Hutumia klachi kwa kidole kimoja, huachia nguvu kidogo kidogo, na huyatazama yaliyo mbele, si yaliyo chini ya gurudumu. Funzo la pili ni upepo wa tairi. Tairi la triali hutiwa upepo mdogo sana ili lilale juu ya jiwe na kulikumbatia. Asije mtu akaiga jambo hilo katika pikipiki ya kawaida yenye tyubu, kwa maana tyubu itabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka. Lakini maana yake ibaki akilini: tairi lililojazwa kupita kiasi huruka-ruka juu ya changarawe na kukosa kushika. Kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji ndicho cha kufuatwa, nacho hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi.

Funzo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Mchezaji wa triali hukagua pikipiki yake kabla ya kuipanda, kila siku, hata kama jana ilikuwa nzima.

DAKIKA KUMI ZA ASUBUHI

Ukaguzi huo hauhitaji karakana wala fedha. Wahitaji dakika kumi, kitambaa, na mpango usiobadilika, mithili ya askari akaguaye silaha yake.

Kwanza ni mafuta: petroli ndani ya tangi na oili ya injini. Kwa zile injini za mipigo miwili zinazotaka oili ichanganywe na petroli, kipimo kifuatwe bila kukisia. Ikiwa kitabu kinataka moja kwa hamsini, basi kila lita 1 ya petroli hupewa mililita 20 za oili, na lita 5 hupewa mililita 100.

Pili ni cheni. Katika pikipiki nyingi za udongoni, cheni yapaswa kulegea kwa sentimita 3 hadi 4 ikisukumwa juu na chini katikati yake, ingawa kauli ya mwisho ni ya kitabu cha mtengenezaji. Ikikazwa mno huharibu beringi. Ikilegea mno huruka. Baada ya siku ya tope isuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, ikaushwe, kisha itiwe oili. Kazi hiyo ifanywe injini ikiwa imezimwa, maana vidole vingi vimekatwa na cheni iliyokuwa ikizunguka.

Tatu ni magurudumu. Mwendeshaji apige spoku moja moja kwa spana ndogo na kusikiliza. Iliyokaza hulia kama kengele. Iliyolegea hutoa sauti nzito, iliyokufa. Kisha ashike gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa kushoto na kulia. Likichezacheza, beringi zimekwisha au nati ya ekseli haijakazwa.

Nne ni breki, mbele na nyuma, zijaribiwe kabla ya kutoka lango la nyumba, na zijaribiwe tena kila baada ya kuvuka maji. Tano ni bolti na nati zote, hasa za vikanyagio, usukani na bomba la moshi, maana mtikisiko wa changarawe hufungua kilichofungwa jana. Mwisho ni taa na honi.

PUMZI YA MLIMANI

Jambo moja huwatatiza wengi wanaoleta pikipiki kutoka pwani. Chombo kilichokwenda vizuri Dar es Salaam au Mombasa kikifika Kigali huonekana kuchoka: chavuta kwa uzito, chanywa petroli, na plagi yake yawa nyeusi kwa masizi. Mwenye nacho hulaumu petroli, kisha fundi, kisha muuzaji.

Sababu mara nyingi ni kimo. Uwanja wa ndege wa Kanombe uko karibu mita 1,490 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa imepungua uzito kwa takriban sehemu moja kati ya saba kuliko ile ya pwani. Kabureta iliyopimwa kwa hewa ya pwani huendelea kumimina petroli ile ile ilhali hewa ni kidogo, na mchanganyiko huwa mzito. Dawa yake ni fundi kurekebisha kabureta na, ikibidi, kuweka jeti ndogo zaidi. Plagi ndiyo shahidi: rangi ya kahawia yaonyesha afya, weusi wa masizi mchanganyiko mzito, na weupe joto la hatari.

Lakini kabla ya kabureta kuguswa, kichujio cha hewa kitazamwe, kwa kuwa kichujio kilichojaa vumbi huleta dalili zile zile. Kile cha sponji kioshwe kwa mafuta ya taa au maji ya sabuni, kamwe si petroli. Kikamuliwe kwa kubonyezwa, si kwa kusokotwa, kikauke kivulini, kisha kitiwe oili yake na kurudishwa. Anayeendesha bila kichujio kwa kutaka injini ipumue vizuri anaipa injini mchanga wa kutafuna, na haitachukua muda silinda yake kulika.

PIKIPIKI 47 ZA LESOTHO

Atakayedhani haya ni mambo madogo na akumbuke habari ya Lesotho. Mwaka 1988 mwandishi wa habari Mwingereza Barry Coleman na mwanamichezo wa mbio za pikipiki kutoka Marekani, Randy Mamola, walizuru Somalia. Huko waliona pikipiki za huduma ya afya zikiwa zimetupwa, nyingi kwa ubovu mdogo ambao ungezuilika. Kutokana na safari hiyo, wao pamoja na Andrea Coleman wakaanzisha shirika la Riders for Health. Kuanzia mwaka 1991 walisimamia pikipiki 47 za watumishi wa afya katika milima ya Lesotho. Hazikuwa pikipiki za ajabu. Waendeshaji walifundishwa kuzikagua kila siku, na vipuri vilibadilishwa kwa ratiba kabla havijafa. Zikafanya kazi kwa miaka kadhaa bila kuharibika, katika njia ambazo ni ngumu kuliko nyingi za Kigali.

Siri yao haikuwa fundi hodari aliyekaa karakanani. Ilikuwa ni mwendeshaji mwenyewe kuona kasoro mapema na kuitaja. Hapo ndipo lilipo daraja kati ya spana na mazungumzo ya barazani.

NYUMBANI PIA

Utunzaji huu ni jambo la nyumba nzima. Yafaa kila pikipiki iwe na daftari lake, linaloandikwa kilomita, tarehe ya kubadili oili, cheni na tairi, na fedha zilizotumika. Daftari likikaa sebuleni, mke au mume ataona kwamba cheni imekaribia mwisho, na bei yake itawekwa katika bajeti ya mwezi mapema. Aidha, petroli isihifadhiwe jikoni karibu na jiko la mkaa. Watoto waonywe juu ya bomba la moto. Oili chakavu isimwagwe mtaroni, bali ikusanywe katika dumu na kupelekwa kwa fundi.

Wapo wasemao kwamba pikipiki za umeme zitayafuta haya yote. Ni kweli kwamba mambo yanageuka. Kampuni ya Ampersand ilianza kutumia pikipiki za umeme kwa kazi ya teksi jijini Kigali mwaka 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kwa kazi hiyo jijini zinatakiwa kuwa za umeme. Pikipiki hizo hazina plagi, kabureta wala oili ya injini. Lakini zina breki, tairi na beringi, nazo hupita katika tope lile lile. Dakika kumi za asubuhi hazijafutwa.

Basi turudi barazani kwa yule kijana na yule afisa. Laiti kijana angesimama kwa adabu na kusema, "Afande, samahani, cheni yako inalia," naye afande akajibu, "Asante kijana, leta spana tuitazame," wangepoteza robo saa, na nyumba moja ingelala salama. Nati iliyolegea haijui cheo cha aliyekaa juu yake. Aliye mdogo na aseme, aliye mkubwa na asikilize, na wote wawili wainame mbele ya gurudumu. Wahenga walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa mwendesha pikipiki ufa ulio karibu zaidi ni ile sauti aliyoisikia jana akaipuuza.