Pumzi Fupi ya Kumar Gandharva

Kwa takriban miaka mitano, kijana aliyekuwa amewashangaza wasikilizaji wa Bombay alilala kitandani Dewas, mji mdogo wa India ya kati, akiwa amekatazwa kuimba. Kifua kikuu kilimpata mwishoni mwa miaka ya 1940. Mkewe Bhanumati, naye mwimbaji, ndiye aliyemuuguza. Streptomaisini, dawa mpya wakati huo, ilimwokoa, ila pafu moja halikupona.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Shivaputra Komkalimath. Alizaliwa mwaka 1924 karibu na Belgaum, Karnataka, na tangu utotoni aliweza kuiga santuri za magwiji pambo kwa pambo, hadi akaitwa Kumar Gandharva; gandharva ni mwimbaji wa mbinguni. Alipelekwa Bombay kwa B. R. Deodhar, mwalimu asiyemfungia mwanafunzi wake katika gharana moja. Hilo halikuwa jambo dogo. Gharana ni ukoo wa muziki: mwanafunzi hurithi kwa mwalimu nyimbo, na pia namna ya kutoa sauti na kuipamba. Kuuacha ukoo huo wengi walikuona kuwa ni utovu wa adabu.

Pale kitandani alibaki na masikio. Aliwasikia wanawake wa Malwa, eneo ulipo mji wa Dewas, wakiimba nyimbo zao, na watawa ombaomba wakipita na tungo za Kabir, mshairi wa karne ya 15. Nyimbo nyingi za vijijini zilitumia sauti chache mno, na bado zilikuwa na sura kamili.

Hapa inafaa kueleza raga, msingi wa muziki wa kikale wa India, ni nini. Si wimbo, wala si ngazi ya sauti tu. Ni njia: sauti zipi hupandwa, zipi hushukiwa, ipi hukaliwa zaidi, na mara nyingi raga ina saa yake ya siku. Kumar aliamini kwamba mbegu za njia hizo zimo katika nyimbo za watu wa kawaida. Kutoka nyimbo za Malwa akaunda raga mpya, na mwaka 1965 akachapisha tungo zake katika kitabu *Anup Rag Vilas*.

Aliporudi jukwaani mwaka 1953, hakuwa na pumzi ya kuvuta mafungu marefu. Akaimba kwa vipande vifupi, vikali, kisha kimya, kisha sauti moja inayopaa ghafla. Wapo waliolalamika kwamba anavunja mapokeo. Walikosea: mapokeo yalikuwa yamepata mlango mwingine, na tungo za Kabir, zilizohesabiwa za barabarani, zikaingia kumbi kubwa kwa heshima.

Alifariki Dewas tarehe 12 Januari 1992, miaka miwili baada ya kupewa nishani ya Padma Vibhushan. Binti yake, Kalapini Komkali, ameendelea kuziimba tungo hizo. Ukipata rekodi ya Kumar, msomaji, sikiliza kwanza pale anaponyamaza.