SOMO LA REDIO: FUNDI ASAFIRIYE WA KIPIMO CHA TUMBO

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: umio, endoskopi, vijidudu, mkataba. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Umio ni ile njia ya chakula itokayo kooni mpaka tumboni. Maneno mengine tutayajua tukiendelea.

Leo nazungumza hasa na darasa la Lupingu, wilaya ya Ludewa, kule chini ambako milima ya Livingstone inashuka mpaka Ziwa Nyasa. Tuseme kuna mzee mmoja wa Lupingu, mvuvi, ambaye ugali umeanza kumkwama. Kwanza alikuwa akiusukuma kwa maji. Baadaye akaacha ugali, akawa anakunywa uji. Sasa hata uji unapita kwa taabu, naye amekonda. Jirani mmoja asema ni vidonda vya tumbo. Mwingine asema amerogwa. Kwa kumtazama kwa nje, hapana ajuaye.

Saratani ya umio huwapata watu wengi katika Afrika ya Mashariki, tangu Ethiopia mpaka nchi za kusini, kuliko sehemu nyingi za dunia. Dalili ambayo watu wengi huiona kwanza ni hiyo ya chakula kukwama. Basi mzee wetu asingoje mpaka maji nayo yakatae kupita. Aende zahanati, aseme waziwazi, "Chakula kinakwama, nami nakonda." Aombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya Ludewa, na kutoka huko, ikihitajika, aende Njombe au Hospitali ya Rufaa ya Kanda iliyoko Mbeya.

Mwisho wa safari hiyo atakutana na kipimo kiitwacho endoskopi. Maana yake ni kutazama ndani ya mwili kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera nchani. Mpira wa kutazama tumbo una urefu wa mita moja hivi, na unene kama wa kidole kidogo cha mkono. Ndani yake mna vinjia. Vingine ni vya kupitisha hewa na maji, na kimoja kikubwa zaidi ni cha kuvuta uchafu na kupitisha koleo dogo la kukata kinyama cha kwenda kupimwa. Vikumbukeni vinjia hivyo, maana tutavirudia.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mateso. Mwaka 1868 daktari wa Kijerumani, Adolf Kussmaul, alipotaka kutazama tumbo la mtu aliye hai, ilimbidi kumtafuta mtu wa maonyesho aliyezoea kumeza upanga, kwa sababu bomba la daktari lilikuwa gumu na limenyooka. Mwaka 1957 huko Marekani, Basil Hirschowitz na wenzake walionyesha mpira unaopindika, uliopitisha nuru katika nyuzi nyembamba za kioo. Tangu hapo si lazima mgonjwa awe mmeza panga.

Siku ya kipimo mgonjwa hufika na njaa. Asile kitu kwa saa 6 mpaka 8. Hupuliziwa dawa ya ganzi kooni, akalala kwa ubavu wa kushoto. Hapo utaona watu wawili wakifanya kazi. Daktari ameshika mpira na macho yake yako kwenye kioo. Wa pili ndiye mtu wetu wa leo, fundi wa endoskopi. Yeye ndiye aliyepanga vyombo kabla mgonjwa hajaingia. Hushikilia kile kipande cha kuzuia meno yasiuume mpira, humtuliza mgonjwa, humpa daktari koleo, kisha hukitia kinyama ndani ya chupa na kuandika jina. Msidharau kuandika jina! Kibandiko kikikosewa, saratani ya mtu mmoja huandikwa kwa jina la mwingine.

Katika nchi yetu kazi hii kwa kawaida hufanywa na wauguzi waliofundishwa zaidi juu ya vyombo hivi. Huko Marekani ni kazi ya peke yake, na wako mafundi wasiokaa mahali pamoja. Wakala huwaandikisha, kisha huwapeleka hospitali yenye upungufu wa watu, mara nyingi kwa wiki 13. Wiki hizo zikiisha, fundi hufunga mizigo yake na kwenda mji mwingine, au huongezewa muda akipendwa.

Sisi wa kando ya ziwa tiba ya kusafiri si ngeni kwetu. Meli ya wamisionari iitwayo Chauncy Maples, iliyoshushwa Ziwa Nyasa mwaka 1901, ilikuwa pia hospitali na shule. Na mwaka 2024 Serikali ilipeleka vikundi vya madaktari bingwa wakae siku chache katika halmashauri za nchi. Daktari wa namna hiyo akija na mpira wake, lazima awepo mtu wa kuushughulikia. Pengine muuguzi wa hapo amekwenda likizo ya uzazi, au chombo ni kipya na hapana aliyekizoea. Ndipo hutafutwa mtu wa kuja kwa muda.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu aweza kuponya, na aweza pia kuleta ugonjwa, na yote hutegemea sinki. Mpira ule hautupwi baada ya kutumiwa. Umetoka tumboni mwa mtu wa saa 3, nao utaingia kinywani mwa mtu wa saa 4. Katikati yao yuko fundi.

Sikilizeni jinsi unavyooshwa. Mara tu utokapo mdomoni, hapo hapo kitandani, fundi huupangusa na kuvuta maji ya sabuni maalum kupitia kinjia chake. Hangoji. Damu na ute vikikauka, vijidudu hujijengea utando ambao dawa haiupenyi kwa urahisi. Halafu hutazama kama mpira umetoboka. Huutia hewa na kuuzamisha majini, kama fundi wa baiskeli atafutavyo pancha. Kisha brashi ndefu, nyembamba, hupitishwa katika vinjia mpaka itoke safi. Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo watu wenye haraka waipunguzayo, kwa kuwa hakuna mtu aonaye ndani ya kinjia.

Baada ya kusuuzwa, mpira hulazwa katika dawa kali ya kuua vijidudu. Ikiwa ni ile iitwayo glutaraldehaidi, hukaa dakika 20 au zaidi, kama karatasi ya dawa yenyewe isemavyo. Dawa hii hutumiwa tena na tena, nayo huchoka, kwa hiyo huchovywa karatasi ndogo inayogeuka rangi ili kujua kama ingali na nguvu. Fundi huvaa glavu na miwani, maana dawa huunguza macho na moshi wake hauna urafiki na kifua. Mwisho mpira husuuzwa kwa maji safi, hupulizwa hewa mpaka ukauke, kisha hutundikwa wima. Ukikunjwa ungali na unyevu ndani ya sanduku, kesho yake vijidudu vimekwisha zaana.

Si hofu ya bure. Mwaka 2015 hospitali moja ya mji wa Los Angeles ilitangaza kwamba wagonjwa wake 7 waliambukizwa vijidudu sugu kwa mipira ya aina nyingine, ile ya kutazama njia ya nyongo, na kwamba maambukizo hayo yalichangia vifo vya watu 2. Nao walikuwa wameosha kama mtengenezaji alivyoagiza. Mpira ule una pembe ndogo nchani ambayo brashi haiifikii vizuri. Ikiwa mtu aliyefuata maagizo aliweza kupatwa na hayo, itakuwaje kwa asiyefuata?

Sasa mweke fundi wetu katika chumba kigeni, siku ya kwanza. Wagonjwa 12 wako nje, mipira ni miwili. Mwenyeji amwambia, "Sisi hapa twaloweka dakika 5 tu, foleni ni ndefu." Afanye nini? Kwa maoni yangu aseme kwa heshima, "Dada, tuisome karatasi ya dawa pamoja," kisha amweleze daktari kwamba wagonjwa 12 hawatamalizika leo kwa mipira miwili. Wengine warudi kesho. Mtu aliyetoka Lupingu akiwa na njaa tangu jana atanung'unika, na ana haki. Hata hivyo manung'uniko yake yatakwisha akishakula.

Tuje kwenye neno la mwisho ubaoni, mkataba. Mtu wa kazi ya muda yuko mbali na jamaa zake, hajui mabwana wa pale, na siku zake zahesabika. Kinga yake ni maandishi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi yenyewe, mahali alipoajiriwa na mahali atakapofanyia kazi, tarehe ya kuanza, muda, saa za kazi, na malipo. Tena sheria yasema kwamba mfanyakazi asipoyaelewa maelezo hayo, mwajiri ahakikishe yameelezwa kwa njia anayoielewa. Basi mtu asione haya kusema, "Nisomee tena pole pole."

Kwa nini mahali alipoajiriwa paandikwe? Kwa sababu ya nauli ya kurudi. Mkataba ukikoma mahali pasipo pale ulipochukuliwa, mwajiri hupaswa kukusafirisha wewe na mizigo yako mpaka ulipochukuliwa, au kukulipia, pamoja na posho ya siku unazongoja usafiri. Mtu aliyechukuliwa Lupingu, lakini karatasi ikaandika Njombe, ataishia stendi ya Njombe. Ludewa iko mbele, na ule mteremko wa kwenda ziwani uko mbele zaidi.

Sasa zoezi. Mwalimu, andika ubaoni barua hii: "Utafanya kazi ya endoskopi Njombe kwa wiki 12 kuanzia tarehe 1 Julai. Mshahara utaelezwa ukifika. Kazi ikiisha utaondoka." Kila mwanafunzi aisome kwa sauti. Kisha aandike katika daftari lake mambo yasiyokuwamo katika barua hiyo, na maswali ambayo angemwuliza mwajiri kabla ya kutia sahihi.