Namba ikifungiwa, usimpe mtu tarakimu sita

Kwa mama anayeuza vitenge Kariakoo siku hizi, nusu ya duka iko kwenye simu. Asubuhi anapandisha stetasi picha za mzigo mpya, wateja wa Songea na Bukoba wanachagua, pesa inaingia kwa simu, jioni furushi linapakiwa kwenye basi. Sasa mwone anapofungua WhatsApp na kukuta tangazo kwamba namba yake hairuhusiwi tena kuitumia. Oda zilizolipiwa nusu, kikundi cha kikoba na sauti za wateja wa miaka mingi vyote vimekatika papo hapo. Na hana pa kwenda kuuliza. Kadi ya benki ikizuiwa kuna tawi, laini ikizimwa kuna wakala, lakini huku hakuna dirisha wala karani.

Wengi hudhani kuna mtu amesoma jumbe zao. Sivyo. Tangu 2016 mazungumzo ya WhatsApp husafiri yamefichwa kwa usimbaji ambao kampuni yenyewe haiwezi kuufungua. Mashine huangalia mwenendo: namba mpya inayorusha tangazo lilelile kwa mamia ya watu wasioihifadhi, au anayewaingiza watu kwenye makundi bila kuwauliza. Mpokeaji naye akikuripoti, jumbe zako chache za mwisho kwake hupelekwa kwa kampuni. Mwaka 2019 WhatsApp ilieleza kwamba hufunga zaidi ya akaunti milioni 2 kila mwezi, na takriban robo tatu kati ya hizo hufungwa bila malalamiko ya karibuni ya mtumiaji yeyote. Katika nusu ya kwanza ya 2025 iliondoa akaunti milioni 6.8 zilizohusishwa na vituo vya utapeli. Matapeli lazima waondolewe, hilo silipingi hata kidogo. Lakini kokoro la ukubwa huo hubeba na dagaa wasiohusika.

Wanaotumia GB WhatsApp na ndugu zake, yaani nakala zisizo rasmi za WhatsApp, kesi yao ni nyingine. Mara nyingi hufungiwa kwa muda, na skrini huonyesha saa zilizobaki. Dawa ni kuiacha programu hiyo na kuweka ile halali. Ukirudia, kifungo kinaweza kuwa cha kudumu. Wapo pia walionunua laini ambayo mwenye nayo wa zamani aliiharibia jina, wakajikuta wamefungiwa hata kabla ya kutuma salamu.

Njia ya kurudi ipo ndani ya programu yenyewe. Kwenye lile tangazo kuna kitufe cha kuomba uamuzi upitiwe upya. Ukikibonyeza, unatumiwa tarakimu sita kwa meseji, unaziingiza, kisha unapata nafasi ya kujieleza. Hapo andika kama unavyomweleza mtu: unauza nini, wateja wamekupataje, na kama laini ni mpya kwako, sema. Maelezo mafupi ya kweli yanatosha. Kisha subiri jibu humohumo.

Kusubiri huko ndiko kunakowaponza watu. Mara anatokea kijana anayejitangaza kuwa anafungua akaunti ndani ya saa moja kwa elfu ishirini, tena anataka umsomee zile tarakimu sita. Ukimpa, akaunti ikifunguka itakuwa mikononi mwake, na kesho ndugu zako wataombwa pesa kwa jina lako. Kwa hapa Tanzania, namba ya tapeli wa namna hiyo iripoti kupitia 15040.

Kampuni nayo ina deni kwetu. Anayefungiwa aelezwe kosa lake hasa, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na rufaa yake isomwe na binadamu; mtu hawezi kujitetea dhidi ya tuhuma asiyoijua. Na wewe mwenye biashara, leo hii hifadhi namba za wateja nje ya WhatsApp, hata kwenye daftari la dukani, weka PIN ya uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na matangazo watumie walioomba kutumiwa.