Kustaafu Kabla ya Miaka 60: Elimu, Safari na Utunzaji wa Mazingira

Kila sifa njema ni ya Allah (Subhanahu wa Taala), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wa sallam), ahli zake na Swahaba zake wote. Amma baad.

Tumekuwa tukiulizwa na ndugu zetu waliostaafu kazi kwa hiari, khasa walimu, wauguzi na watumishi wa maofisini, suala ambalo kwa maneno tafauti lina maana moja. Mtu ametimiza miaka 55, umri ambao mtumishi anaruhusiwa kuacha kazi kabla ya ule wa lazima wa miaka 60. Amepokea kiinua mgongo, pencheni yake inaingia, na watoto wake wengi wameshakuwa na majumba yao. Anatamani kusoma, kutembea, na kushughulika na upandaji wa miti na usafi wa fukwe. Jamaa zake wanamwambia kuwa umri huu ni wa kushika tasbihi na kukaa msikitini, na hayo mengine ni kujishughulisha na dunia. Je, wanasema kweli?

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa msikiti una haki yake na hakuna wa kuipunguza. Lakini kutafuta elimu, kusafiri kwa lengo jema na kutunza ardhi aliyoiumba Allah navyo ni katika ibada, ikiwa nia imesafika na haki za wenye haki zimetangulizwa. Aliyestaafu ameachana na mwajiri wake, hajaachana na amana ya umri, afya na mali. Tutalifafanua hili kwa mafungu.

Faragha ni neema yenye hesabu

Imepokewa kwa Ibn Abbas (Radhiya Allahu anhuma) katika Sahihi ya Imamu Bukhari kuwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alizitaja neema mbili ambazo watu wengi hupata khasara ndani yake: afya na faragha. Tuzingatie kuwa zimetajwa pamoja. Kijana ana afya lakini kazi na malezi vimemmeza. Mzee wa miaka themanini ana faragha lakini magoti hayamsaidii. Mwenye kustaafu akiwa na miaka 55 na mwili wake bado una nguvu amekusanyiwa neema zote mbili kwa wakati mmoja, na haijulikani zitakaa pamoja kwa muda gani.

Na katika Suratu Sharh Allah anamuamrisha Mtume wake kuwa akimaliza jambo moja aingie katika jingine kwa juhudi. Wafasiri wametafautiana ni mambo gani yaliyokusudiwa, lakini mafunzo yake yako wazi: Muislamu hana kipindi cha kukaa bure. Tunawaona ndugu zetu wanaotoka kazini Ijumaa, Jumatatu wakawa hawana pa kwenda. Asubuhi barazani, mchana usingizi, jioni tena barazani, na mazungumzo yakikosa kitu huangukia kuwasengenya watu. Miaka miwili haipiti mtu amedhoofika mwili na moyo, ingawa hana maradhi yanayojulikana.

Kabla ya yote: madeni, zaka na Hija

Haifai mtu kukata tiketi ya safari au kulipa ada ya masomo ilhali anadaiwa na madeni yameshafika muda wake. Deni linatangulia. Kisha nafaka ya mke na wale ambao ni wajibu kuwalisha.

Kuhusu zaka ya kiinua mgongo, wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaona kuwa fedha hizo zikiwa bado ndani ya mfuko, mtumishi hana uwezo kamili wa kuzitumia, kwa hiyo mwaka wake unaanza kuhesabiwa siku anapozipokea. Zikibaki kwake mwaka mzima wa Kiislamu na zikawa zimefikia nisabu, nayo kwa hesabu iliyoenea ni thamani ya gramu 85 za dhahabu, atatoa asilimia 2.5. Mwenye kutoa siku ya kupokea kwa ihtiyati, amefanya kheri.

Ama Hija, katika madhehebu yetu ya Shafi ni wajibu wenye wasaa, yaani mwenye uwezo anaweza kuichelewesha akiwa na azma ya kuitekeleza. Lakini wanavyuoni hao hao wamesema kuwa akichelea mwili wake kushindwa au mali yake kupotea, wasaa huo unaondoka na inamlazimu kufanya haraka. Na madhehebu nyengine zinaona ni wajibu wa papo kwa papo. Kiinua mgongo ni mali inayoyayuka. Basi ambaye hajahiji na ameupata uwezo, safari yake ya kwanza inajulikana ni ya wapi.

Tunawatahadharisha pia na wanaowafuata wastaafu kwa biashara zinazoahidi fedha kuzaa maradufu kwa miezi michache. Nyingi zina riba au udanganyifu ndani yake, na zimewaacha watu wazima wakiomba nauli.

Elimu haina umri

Wapo ndugu zetu wenye shahada za vyuo vikuu ambao wakifungua msahafu wanasoma kwa kubabaika, na wanaona haya kukaa mbele ya mwalimu aliye rika la watoto wao. Haya hiyo si mahali pake. Katika hadithi ya Bibi Aisha (Radhiya Allahu anha) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, anayeisoma Qur'ani kwa tabu na kusitasita ameahidiwa ujira mara mbili. Na Imamu Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, ametanabahisha kuwa Swahaba wa Mtume walisoma wakiwa watu wazima.

Katika maimamu wa madhehebu yetu yupo Al-Qaffal al-Marwazi, aliyefariki mwaka 417 Hijria. Kazi yake ilikuwa ni kutengeneza makufuli, na ndiyo maana ya jina lake. Alianza kusoma fiqhi akiwa ameshapita ujana wake, na akawa marejeo ya Mashafi wa Khurasan. Na hapa kwetu, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912, tafsiri yake kamili ya Qur'ani kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1969. Yaani alikuwa na kiasi cha miaka 57, umri ambao baadhi yetu tunajiona tumeshamaliza.

Asome nini mstaafu? Kwanza ni fardhi ya kila mmoja: kusahihisha kisomo cha Qur'ani kwa mwalimu, twahara, swala, na hukumu za mali aliyonayo mkononi. Katika hizo asiisahau elimu ya mirathi na wasia, ajue kuwa wasia hauzidi thuluthi ya mali, na kuwa mrithi hausiwi ila warithi wenziwe wakiridhia. Ugomvi mwingi wa nyumba na mashamba ungepungua lau wazee wangelisoma mlango huu mapema.

Baada ya hapo milango ya elimu za dunia iko wazi. Mwenye kutaka kusoma kilimo, historia au lugha, asome. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kinasomesha kwa masafa na hakimlazimishi mtu kuhama kwake. Na anayejua, afundishe. Mwalimu wa hesabu aliyestaafu akiwakusanya watoto wa mtaa baada ya Alasiri anafanya sadaka ambayo pencheni yake haiwezi kuinunua.

Safari na adabu zake

Katika Suratul Ankabut Allah anawaamrisha watu watembee katika ardhi waangalie vipi Yeye alianzisha uumbaji. Na katika Suratul Kahf tunaona Nabii Musa (Alayhis salaam), naye ni Mtume aliyeteremshiwa Taurati, anafunga safari ndefu yenye kuchosha ili ajifunze kwa mja mwengine wa Allah, ambaye wanavyuoni wanamjua kwa jina la Khidhri. Hakuona kuwa cheo chake kinamtosheleza.

Masheikh wa pwani yetu walikuwa hivyo. Sheikh Abdalla Bakathir, aliyezaliwa Lamu na kufariki Unguja mwaka 1925, alifika Hadhramaut, Jawa na Afrika Kusini, akisoma na kusomesha, wakati ambapo safari ilikuwa ni ya majahazi na meli za moshi.

Si lazima safari iwe ya mbali. Kuunga jamaa walioko Pemba, Mombasa, Ngazija au Oman ni safari yenye ujira, na wengi tuna mashangazi na ami ambao tunawajua kwa sauti ya simu tu. Kutoka Unguja mjini hadi Mkoani, Pemba, ni zaidi ya kilomita 80 ambazo wanavyuoni wengi wa sasa wanakadiria kuwa ndiyo masafa ya kufupisha swala. Kwa hiyo msafiri anapunguza na kukusanya. Akinuia kukaa huko siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ataswali kamili tangu anapofika. Na ambaye Pemba ndiyo maskani yake, safari yake inakatika anapoingia kwao.

Ama dada zetu wastaafu, wanavyuoni wa Kishafi wamemruhusu mwanamke kutoka kwa Hija ya faradhi pamoja na wanawake waaminifu ikiwa hana maharimu. Kwa safari zisizo za faradhi kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa asafiri na mume au maharimu. Wapo wanavyuoni walioruhusu panapokuwa na amani. Kila mmoja aulize mwanachuoni anayemuamini kwa hali yake.

Ardhi tumeikuta, na wengine wataikuta

Allah katika Suratur Rahman ameitaja mizani aliyoiweka, na akakataza watu kuivuka. Na katika Suratur Rum ametueleza kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale iliyochuma mikono ya watu. Sisi watu wa visiwani tunaona kwa macho: fukwe zinaliwa, visima vya karibu na pwani vinakuwa na chumvi, na baadhi ya mabonde ya mpunga huko Pemba yameingiwa na maji ya bahari.

Tunao mfano wetu wenyewe, nao ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee husimulia kuwa Khidhri alifika pale akaswali, na kisiwa kikawa kama msala wake. Simulizi hiyo haina sanadi na hatuijengei hukumu. Lakini kilicho thabiti ni kuwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa dini walishirikishwa kuwasomesha wavuvi wa pale kwa Aya na Hadithi. Wavuvi hao walielezwa kuwa kuvua kwa baruti ni kuharibu amana, kwani matumbawe yanayovunjwa kwa sekunde moja huchukua miaka mingi kurudi. Mafunzo ya dini yaliwaingia wengi zaidi kuliko makatazo ya karatasi.

Mstaafu mwenye nguvu anaweza nini? Apande mikoko. Mizizi yake inashika udongo usichukuliwe na mawimbi, na ndani yake ndimo samaki wadogo, kamba na kaa wanamokulia. Mkoko wenyewe hauhitaji kitalu: mbegu yake ndefu huchomekwa moja kwa moja topeni, ncha ikiangalia chini. Lakini isipandwe popote. Pahala palipokuwa na mikoko zamani ndipo panapofaa, si mchanga mtupu wala panapofunikwa na maji muda wote. Aanze kwa kuonana na sheha wa shehia na wavuvi wa pahala hapo.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama ni sadaka yake. Na katika Musnad ya Imamu Ahmad, aliye na mche mkononi na Kiyama kikasimama, ameamrishwa aupande akiweza. Mwenye kusema kuwa amezeeka na hatokula matunda ya mti huo, airudie hadithi hii.

Na nyumbani asisahau maji. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, isiyofika lita moja. Bomba la msikitini linalomwagika mbele ya mtu anayezungumza na mwenziwe ni israfu, hata kama bili hailipi yeye.

Nasaha ya mwisho

Ndugu zetu, haki ya Allah, ya mke, ya jamaa na ya mwili, zote zina pahala katika siku. Mtu aswali Alfajiri kwa jamaa, asome kurasa zake, atoke kwenye shughuli yake ya kheri jua halijakuwa kali, arudi kwa ahali yake, na jioni ahudhurie darsa. Tasbihi anaweza kuileta akiwa topeni anapanda. Wala asingoje miaka 60 kujipangia, wala asingoje kupata wenziwe wengi.

Tunamuomba Allah azibariki afya zetu na faragha zetu, atujaalie mwisho wa umri wetu uwe bora kuliko mwanzo wake, na atuachie nyuma yetu elimu yenye manufaa, miti yenye kivuli na watoto wema wa kutuombea. Amin.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.