Sat, saa na listopad: asili ya maneno katika Kikroatia

Neno la Kikroatia "sat" lina maana mbili: kipindi cha dakika 60, na chombo cha kuonyeshea wakati. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwani "saa" yetu hubeba maana hizo hizo. Yote mawili yanatokana na neno la Kiarabu "sā‘a", lakini hayakukopeshana. Letu lilipokewa pwani kutoka kwa Waarabu wenyewe. La Wakroatia lilipitia Kituruki ("saat") zama za utawala wa Waosmani, walioiteka Bosnia mwaka 1463 na kuitawala sehemu kubwa ya Slavonia hadi mwishoni mwa karne ya 17. Kuandika "kutoka Kiarabu" tu mbele ya "sat" ni kuiruka hatua iliyo muhimu kuliko zote. Njia iyo hiyo ilileta "dućan", nduguye "duka".

Katika wingi maana hizo mbili hutengana: "sati" ni vipindi, "satovi" ni vyombo. (Kiswahili hakina anasa hiyo. Asemaye "masaa" hatenganishi chochote, ila humkunjisha mwalimu uso.) Zipo pia lahaja zinazotumia "ura", lenye asili ya Kilatini "hora", na "čas", neno la Kislavi, leo lina maana ya kitambo kifupi.

La kushangaza ni kwamba lugha iliyolikumbatia neno la Kituruki kwa saa haitumii, katika usanifu wake, majina ya Kilatini ya miezi. Majina yake ni ya Kislavi, na mengi yametoka shambani: "travanj", Aprili, kutokana na "trava", majani mabichi, "srpanj", Julai, kutokana na "srp", mundu, "kolovoz", Agosti, mwezi wa mikokoteni ya mavuno, na "listopad", Oktoba, majani ya miti yanapopukutika.

Hapa mfasiri na awe macho. Wapolandi na Wacheki nao wana "listopad", tena kwa maana iyo hiyo ya kupukutika kwa majani, lakini kwao ni Novemba. Anayeijua Kipolandi akikutana na neno hilo katika mkataba wa Kikroatia, anaweza kuisogeza tarehe ya malipo mwezi mzima bila kushuku lolote. Mundu nao una mtego wake: "srpanj" ni Julai, ilhali "sierpień" ya Kipolandi na "srpen" ya Kicheki ni Agosti.