Gegedu mpya ya goti: Sayansi imefika wapi?

WAKAZI wengi wa Kitale na Bungoma hutegemea magoti yao kujipatia riziki. Mkulima huinama akipalilia mahindi, mkata miwa hubeba mizigo mizito, naye mwendeshaji bodaboda huweza kuumia kwa ajali ya mara moja. Goti likianza kuuma na kufura, wengi hudhani ni uzee tu, ilhali mara nyingi kilichoharibika ni gegedu.

Gegedu ni tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Aliyewahi kula kuku anaijua: ni ile sehemu nyeupe iliyo kwenye ncha ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuizuia mifupa isisuguane na kupunguza kishindo mtu anapotembea.

Udhaifu wake ni kwamba haina mishipa ya damu. Kidonda cha ngozi hupona kwa kuwa damu huleta chakula na seli za kukikarabati. Gegedu haina njia hiyo, hivyo ikichimbika ni nadra kuziba yenyewe, na shimo huweza kuzidi kupanuka.

Mnamo 1994, wataalamu wa Uswidi walichapisha matokeo ya wagonjwa 23 waliotolewa seli za gegedu zao wenyewe, zikazalishwa katika maabara, kisha zikarudishwa gotini. Baadaye watafiti waligeukia seli shina, yaani seli changa ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa za aina mbalimbali. Hupatikana katika uboho, mafuta ya mwili na damu ya kitovu cha mtoto anapozaliwa. Zikipewa vichocheo vinavyofaa, huwa seli za gegedu.

Hata hivyo, seli zikidungwa tu gotini, nyingi hutawanyika na kufa. Hapo ndipo haidrojeli inapohitajika. Hii ni dutu iliyojaa maji mfano wa ute wa mrenda, ila yenyewe hushikamana. Kazi yake ni kama ya fito katika nyumba ya udongo: bila fito, udongo hauna pa kushika. Haidrojeli huzishikilia seli ndani ya shimo na kupitisha chakula, na kadiri gegedu inavyojengeka, yenyewe huyeyuka polepole.

Mwaka wa 2012, Korea Kusini iliidhinisha tiba iitwayo Cartistem, inayochanganya seli za damu ya kitovu na haidrojeli ya asidi ya hayaluroniki. Daktari hulifungua goti, hutoboa vishimo katika mfupa, kisha huvijaza mchanganyiko huo. Huo ni upasuaji.

Kwa hivyo, akija mtu na unga au vidonge vinavyodaiwa kuwa na seli shina za kuotesha gegedu, mnunuzi ajue kwamba seli ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama nyingine. Anayetaka kudunga sindano naye aulizwe: seli zimetoka wapi, nani ameidhinisha tiba hiyo, na zitashikiliwa na nini gotini?

Tiba ya seli shina bado si huduma ya kawaida katika hospitali za Kitale na Bungoma. Yaliyothibitishwa kusaidia ni ya gharama nafuu: kupunguza uzani, kuimarisha misuli ya paja kwa mazoezi, na kupimwa mapema hospitalini. Fedha za mavuno zitumike huko kwanza, kabla ya kumkabidhi mchuuzi wa miujiza.